Wanawake wa Kuzimia na Siku Niliyoposwa

Kuna watu walioumbwa kusafiri, na kuna sisi tulioumbwa kukaa. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Malindi, ghorofa ya pili, na kwangu mimi kutoka pale mpaka Darajani ilikuwa safari ya kuagana na watu na kuombewa dua. Katika ile miaka ya hamsini ninayoieleza nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na mwisho wa dunia nilikuwa nimeufika mara moja tu: Mangapwani, kwenye kishamba cha minazi cha Bibi. Huko nako siafu walinipokea siku ya kwanza, na siku ya pili nikaomba nirudishwe mjini.

Kwa hiyo watu waliposema maskini mtoto wa watu, kamaliza sekondari na sasa kawekwa ndani, nilikuwa nikiinamisha kichwa kwa adabu tu. Kuwekwa ndani ndiko nilikokuwa nikikutaka. Ndani alikuwamo Bibi, mzaa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwamo baba, karani wa bandarini, mtu mpole ambaye jioni zake zote zilikwisha kwa kufungua saa mbovu za jirani na kuzifunga tena zikiwa mbovu vilevile. Na vilikuwamo vitabu vyangu.

Vitabu hivyo nilivipata kwa bahati. Mwalimu wetu mmoja wa Kiingereza aliporudi kwao aliacha sanduku zima, akanipa mimi kwa sababu siku ya kufunga skuli ndimi niliyebaki darasani wakati wenzangu wamekwenda kutembea Forodhani. Zilikuwa riwaya za karne iliyopita, nzito kama matofali, nyingine hadithi moja imegawanywa juzuu tatu, pembe zake zimeliwa na mchwa. Nilizisoma mpaka nikawa naota kuna baridi.

La nje nililolitaka lilikuwa moja tu. Skuli ya wasichana ya mtaa wa pili ilikuwa imenipa ahadi ya kufundisha watoto wadogo, kuanzia Januari. Hatua mia na ishirini kutoka mlangoni kwetu. Nilizihesabu mara mbili, mara moja nikiwa na buibui na mara moja nikiwa na buibui na mvua. Kazi iliyo karibu namna ile aliniumbia Mwenyezi Mungu mwenyewe. Baba nilipomwomba ruhusa alisema tutaona, na tutaona ya baba ilikuwa jirani sana na ndiyo.

Kila siku baada ya sala ya alasiri wanawake walikuja ukumbini kwetu kushona kofia. Alikuja jirani wa mlango wa pili, aliyeolewa mara tatu na kuachika mara tatu, na hakuona haya kwa lolote kati ya hayo sita. Alikuja pia mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, wazee wake watu wa Bara, mshoni hodari kuliko wote na msemaji mdogo kuliko wote. Mimi mwenyewe kushona sikujaliwa. Kofia ya kwanza niliyoimaliza Bibi aliigeuza huku na huku akauliza ni ya mtu au ya birika. Kuanzia hapo nikapewa kazi ya mdomo: wao washone, mimi niwahadithie vitabu vyangu. Nilikuwa nikisoma ukurasa kimoyomoyo kwa Kiingereza, kisha nautoa kwa Kiswahili, na mahali nisipopaelewa napajaza mwenyewe.

Wanawake wa vitabu vile walikuwa na desturi ya kuzimia. Barua ikiletwa, huzimia. Mgeni akiingia bila kubisha hodi, huzimia. Jina la mtu fulani likitajwa mezani, kijiko kinaanguka, na yeye anakifuata kijiko.

"Hajala huyo," alisema Bibi mara ya kwanza. "Hebu tazama, asubuhi alikula nini?"

"Haikuandikwa, Bibi."

"Basi mwandishi ndiye aliyemshindisha na njaa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufikiri kwamba anayezimia hazimii mwenyewe, kuna mtu ameshika kalamu. Mwalimu wetu hakuwahi kutwambia hivyo. Niliwahadithia mengi baada ya hapo, na kila siku nikawa naona zaidi mkono wa huyo mwenye kalamu. Mwanamke mwenye nywele za rangi ya asali alikuwa mwema, na mwema hakudumu: kikohozi kilimshika katikati ya juzuu ya pili, na kila ukurasa ulivyokwenda alizidi kuwa mweupe na kuzidi kusamehe watu. Mwenye nywele nyeusi alikuwa na maneno, alicheka kwa sauti, aliwatazama wanaume machoni, na huyo hakuachiwa afike mwisho bila adhabu. Sisi sote pale mkekani tulikuwa na nywele nyeusi, kwa hiyo jirani alijua mapema yuko upande gani. Ama wanawake wa nchi za joto, wao walipita na sinia tu wakatoka. Hata kikohozi hawakupewa.

Siku niliyofika mahali ambapo bibi mmoja tajiri anaolewa, niliwaeleza kwamba nyumba aliyoachiwa na baba yake, na shamba, na hata kinanda chake, vyote vilihamia kwa mume siku ileile. Sindano zikasimama. Jirani aliniambia nimeruka mstari, nirudi nyuma. Nikarudi, nikasoma tena, nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Bibi akavua miwani.

"Babu yako, Mungu amrehemu, akitaka kuangua dafu Mangapwani alinitaka ruhusa," alisema. "Na mara mbili nilimkatalia. Huyu kadhi wao alikuwa wapi?"

Nikamwambia sheria yao yenyewe ndiyo ilivyokuwa zama zile. Wakaguna wote, wakaendelea kushona. Baada ya kitambo yule mama wa Ng'ambo, ambaye alikuwa hajasema neno tangu aingie, akakata uzi kwa meno.

"Kumbe huyu hazimii kwa njaa," alisema. "Anazimia kwa kuwa hata kinanda si chake."

Mimi nilikuwa na kiburi cha sekondari, na sikupenda kushindwa na watu ambao kitabu hawajakishika. Nikawaambia basi, mali hawana, lakini jambo moja wanawake wale wametupita: wao wanaulizwa. Mwanamume anakuja mwenyewe, anamwomba bibi mwenyewe, na bibi anamjibu kwa ulimi wake. Nikawasomea mahali pa namna hiyo. Bwana amempata bibi bustanini, mvua inaanza, anapiga goti kwenye tope na kusema kurasa nne.

"Na wazee wake wako wapi?" aliuliza Bibi.

"Wamekwenda matembezini."

"Wote?"

"Wote, Bibi."

"Nyumba nzima imetoka, imemwacha mtoto bustanini na mwanamume, na mvua inanyesha." Alitikisa kichwa. "Haya, endelea."

Nikaendelea. Bibi wa kitabuni alijibu kurasa sita, akikumbusha makosa yote ya yule bwana tangu juzuu ya kwanza. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, sindano imesimama hewani, kisha akasema yeye mume wa kwanza hakumjibu hata kwa kikohozi. Alikuwa mwari, na mwari akiulizwa na mzazi wake akinyamaza, basi kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Anaonewa haya asilazimike kutamka. Akilia kidogo, ndiyo kabisa. Wa pili na wa tatu ndio aliowajibu kwa mdomo, maana aliyekwisha kuolewa hapiti kwa kunyamaza, lazima aseme na mashahidi wasikie.

"Na yule wa kwanza," nilimwuliza, "ulikuwa umemridhia?"

"Nlikuwa nnatazama mkeka," alisema. Akaendelea kushona.

Jioni ile, nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi, niliapa kwamba mimi sitatazama mkeka. Siku yangu ikifika nitajibu. Nikaanza kutunga hotuba. Ilikuwa na kurasa mbili, niliihifadhi kama mtu anavyohifadhi sura ya chuoni, na ndani yake nilitaja heshima niliyofanyiwa, udhaifu wa moyo wa mwanadamu, na theluji. Theluji sikujua nitaifanyia nini Malindi, lakini ilikuwa nzuri nikashindwa kuitoa.

Mchana mmoja wa vuli mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani, na mimi nilikuwa nimekaa mahali pangu, ngazi ya nne kutoka juu, chini ya dirisha, ambako mwanga ulikuwa mzuri na hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimebakiwa na kurasa mbili za juzuu ya tatu. Bibi mwenye nywele nyeusi, niliyempenda kuliko wote, alikuwa dirishani na barua mkononi, hajui aifungue au aichome moto. Mwandishi nilikuwa nimeshamzoea. Nilijua ana nia mbaya naye. Machozi yalikuwa yananitoka tangu ukurasa wa juu.

Nikaona miguu ya baba. Nadhani alisimama ngazi mbili chini yangu, akatazama ukuta. Nilisikia sauti yake kama mtu anavyosikia mbu akiwa usingizini: mvua, fulani, Mkokotoni, mvua tena. Kisha kimya kirefu. Nikageuza ukurasa polepole. Baba akakohoa, akasema Alhamdulillahi, akashuka. Nilidhani anamshukuru Mungu kwa mvua.

Kesho yake saa nne asubuhi jirani akaleta sahani ya haluwa imefunikwa kitambaa. Haluwa ilikuwa ya moto bado, nami si mtu wa kuihoji haluwa. Nilikula vipande viwili vya posa yangu mwenyewe kabla sijauliza ni ya nani.

Bibi ndiye aliyenieleza, akidhani namfanyia mzaha. Posa ilikuwa imekuja wiki nzima nyuma. Kijana mwalimu, wazee wake watu wa Tumbatu waliohamia Mkokotoni, baba yake rafiki wa baba yangu tangu walipokuwa vijana bandarini. Bibi alitaka kuniuliza yeye, kama ilivyo kawaida, lakini baba alikataa; alisema mtoto hana mama, kauli yake ataichukua mwenyewe. Akapanda ngazi na mvua ile, akauliza, na mimi nikanyamaza nikalia. Ndoa itakuwa kabla ya Ramadhani. Nitakwenda kukaa Mkokotoni.

Mkokotoni ilikuwa mbali kupita Mangapwani, ambako nilishindwa siku mbili. Na Januari ingekuja, na skuli ya hatua mia na ishirini ingempata mwalimu mwingine.

Ningeweza kumwambia Bibi palepale. Lakini nilikuwa nimesoma vitabu vingi mno, nikakumbuka kwamba bibi wa kweli humtii baba yake, huficha yaliyomo moyoni, kisha hufa taratibu masika yanapoingia, na watu wote hujuta. Nikaona nami nifanye hivyo. Nikajilaza kitandani, nikafungua nywele zikamwagika kwenye mto, nikaugeuza uso ukutani. Nilikaa hivyo tangu adhuhuri. Alasiri ilipofika, Bibi alikuwa anakaanga mandazi ya iliki, na harufu ikaja mpaka chumbani. Nikala manne. Kufa kwa huzuni kunataka mtu asiyependa kula, na mimi sikuwa na kipaji hicho.

Bibi alinitazama nikilamba vidole.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Bibi, mimi sikumsikia baba."

"Ulilia, mwanangu. Baba yako kasema ulilia."

"Nlimlilia yule bibi wa dirishani."

"Kafa?"

"Bado. Lakini yumo njiani."

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikamwisha ghafla akakaa kwenye kibao. Wanawake walipokuja kushona aliwaeleza, na shauri likagawanyika. Jirani, ambaye nilidhani atakuwa wangu, alisema kunyamaza ni kunyamaza. Hakuna sheria inayotazama macho ya mwari yalikuwa kwenye mkeka au kwenye kitabu, na neno la baba limekwisha kutoka, likirudi litarudi limechafuka. Alisema kijana mwalimu si mtu wa kutupwa. Yeye mwenyewe angepata wa namna ile mara ya kwanza angeokoa taabu mbili. Yule mama wa Ng'ambo aliniuliza mimi, bila kuinua macho, kama huyo kijana simtaki au kama sikuulizwa.

Nilifikiri. Kijana simjui, kwa hiyo hata kumkataa nilikuwa sina la kumkatalia. "Sikuulizwa," nilisema.

"Basi kamwambie baba yako hilo," alisema Bibi. "Na uende mwenyewe. Nikienda mimi, itakuwa tena umenyamaza."

Katika vitabu vyangu vyote hapakuwa na mfano wa jambo lile. Wanawake wale walikuwa wakisema au wakizimia. Walikuwa wakitii au wakitoroka na gari la farasi. Sikumkumbuka hata mmoja aliyeshuka ngazi, akamwambia baba yake samahani, nilikuwa nasoma. Nilishuka. Baba alikuwa amekaa penye mwanga wa mlango, saa imefunguliwa tumbo mbele yake, vyuma vidogo vimepangwa juu ya gazeti. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kwa furaha iliyonichoma.

"Baba, siku ile ngazini sikusikia."

"Hukusikia nini?"

"Uliloniuliza. Nlikuwa nnasoma."

Aliweka koleo chini. "Ulilia."

"Nlimlilia mtu wa kitabuni."

Baba alinyamaza. Alitazama vyuma vyake kimoja kimoja kana kwamba kilichopotea kiko humo. Uso ulikuwa umemwiva. Kama kunyamaza ni ridhaa, baba alikuwa ameridhia kila kitu duniani kwa muda ule, na mimi niliyesimama mbele yake nilijua hakuridhia hata kimoja.

"Nshatoa neno kwa watu," alisema.

"Nnajua, baba."

"Mzee mwenzangu. Nimemwambia binti karidhi, nimemwambia na machozi." Alijifuta paji la uso. Kisha akaivuta kofia yake mbele kama mtu anayejiandaa kusali, akageuka kabisa akanielekea, jambo ambalo siku ya kwanza lilimshinda. "Basi nakuuliza sasa. Anakuposa mtoto wa rafiki yangu, mwalimu, Mkokotoni. Unasemaje?"

Hotuba ilikuwa tayari, kurasa mbili pamoja na theluji. Nikafungua mdomo.

"Simjui, baba. Na Januari nataka kufundisha. Mkokotoni ni mbali."

Hayakufika maneno kumi.

"Hiyo si ndiyo," alisema baba.

"Si ndiyo."

"Wala si hapana."

"Wala si hapana. Sijui, baba."

Nilingoja kitu kianguke. Hakikuanguka. Katika sanduku zima la mwalimu hapakuwa na mwanamke aliyeruhusiwa kusema sijui akabaki amesimama, na mimi nilikuwa nimesimama. Baba akaokota koleo lake, akaliweka tena, akaniambia niende juu, na nisilie mahali anapopita.

Jumapili baba alipanda gari ya shamba ya asubuhi kwenda Mkokotoni. Siku ile kofia hazikushonwa. Bibi alizunguka na tasbihi, jirani akaja mara tatu kuazima chumvi, na mimi sikuweza kusoma hata mstari. Yule bibi wa dirishani nilimwacha na barua yake mkononi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na hofu ya kwangu mwenyewe, si ya kitabuni. Niliyekuwa namhofia alikuwa baba, mtu asiyeweza kumwambia mwenye saa kwamba saa yake haiponi, na sasa anakwenda kumwambia rafiki yake wa miaka yote kwamba neno alilompa halikuwa neno.

Alirudi jua limepinda, ana pweza wakavu wawili wamefungwa kwenye jani. Alikunywa maji kwanza. Kisha akatueleza, akimtazama Bibi lakini akisema na mimi. Aliwaambia ukweli wote, kitabu na machozi na kila kitu. Rafiki yake akainama kama mtu aliyeumizwa. Baba alitamani ardhi imeze mkeka na yeye juu yake. Ndipo nyuma ya pazia mama wa yule kijana alipocheka kwa sauti, bila kujizuia, na kutoka kulekule akasema maneno ambayo baba aliyakariri kama yalivyo:

"Mwambieni huyo mtoto ana bahati. Mie hakuna aliyerudi kuniuliza."

Baada ya hapo, alisema baba, hata mzee alicheka, wakala pamoja, posa ikawekwa pembeni bila kuvunjwa. Na kijana mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote, alimsindikiza baba mpaka penye gari, akamwuliza jambo moja tu. Hiyo skuli ninayokwenda kufundisha, inapokea watoto wa shamba? Anaye mdogo wake wa kike wa miaka kumi, anasoma hata karatasi iliyofungiwa sukari.

Ndivyo Januari nilivyopata kazi, na badala ya mume nikapata mpangaji, yule mtoto wa kike wa Mkokotoni. Alishuka garini na mkeka wake, na tangu aliposhuka hakunyamaza. Alisema Kitumbatu akila, akioga, na nina hakika akilala. Zile hatua zangu mia na ishirini, ambazo nilipanga kuzitembea kwa utulivu nikiwaza mambo makubwa, ziligeuka kuwa mtihani: kwa nini hiki, kwa nini kile, mwalimu kwa nini unatembea kama kobe. Darasani nilimweka mbele ili nimwone, na nyumbani Bibi alimweka karibu yake ili amfundishe kofia. Wiki mbili akawa amenipita kwa kushona, jambo ambalo halikumshangaza mtu.

Vitabu navyo aliviingilia. Siku moja nilikuwa nawahadithia habari ya bibi mmoja aliyezimia sebuleni, na mtoto akauliza alimwangukia nani. Nikamwambia bwana aliyekuwa karibu. Na yule wa jana? Naye alidakwa na mtu. Na yule wa kabla yake?

"Kila mmoja ana wa kumdaka?"

"Kila mmoja."

"Basi wanachagua pa kuangukia," alisema mtoto.

Jirani alimtazama Bibi, na Bibi akamtazama yule mama wa Ng'ambo, naye akatabasamu kwenye uzi wake. Mimi nilikwenda nikavisoma tena vitabu vyote, kwa macho mengine. Na kweli, mara nyingi bibi alizimia pale tu alipoulizwa jambo ambalo akijibu ndiyo ataumia, na akijibu hapana ataumia. Mwandishi alimnyima jawabu la tatu, naye akajitafutia la nne sakafuni. Tangu siku hiyo sikuwacheka tena. Niliwahadithia kwa heshima zaidi, kama watu waliokuwa wakifanya walichoweza ndani ya kurasa walizopewa, na nikamaliza hata zile kurasa mbili za juzuu ya tatu. Bibi wa dirishani alikufa, kama nilivyojua. Lakini aliifungua barua kwanza, na hilo nililishukuru.

Kaka mtu alikuwa akija kumtazama mdogo wake kila mwisho wa mwezi. Alikaa chini na baba, nami nilibaki juu, na kati yetu kulikuwa na ngazi yote na mtoto mmoja asiyejua siri ni nini. Kupitia kwake kijana aliniuliza maswali ya kazi. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto unamfanyaje? Mwenye kulala darasani je? Nilimjibu kupitia hukohuko, na yeye akanirudishia kwamba la kwanza limefaa, la pili bado analala. Sikuwahi kusoma mahali popote mapenzi yanayokwenda kwa njia ya watoto wenye usingizi, lakini nilianza kuona mwezi una siku nyingi mno.

Ulipopita mwaka na kitu kijana alihamishiwa skuli ya mjini, kwa maombi yake mwenyewe. Wiki ile ile baba alipanda ngazi. Nilikuwa mahali pangu, ngazi ya nne kutoka juu, nasoma. Hakusema lolote juu ya mvua. Alinyoosha mkono, akakitoa kitabu mikononi mwangu, akakunja pembe ya ukurasa nisipotee, akakiweka dirishani juu yetu, mbali na mikono yangu. Kisha akakaa kwenye ngazi, nyuso zetu zikalingana, akauliza.

"Nimeridhi, baba," nilisema, "kwa masharti mawili. Sitaacha kufundisha, na sitahama—"

Bibi, aliyekuwa nyuma ya mlango muda wote, hakungoja kujua sitahama wapi. Alipiga kigelegele cha kumwamsha mtu Darajani, mtoto akakipokea, na jirani akajibu kutoka dirishani kwake. Baba akaanza kuinuka, anafuta macho, anataka kushuka na habari yake. Nikamshika mkono wa kanzu. Nikangoja mpaka wote watatu wakaishiwa pumzi, nikaanza tena tangu sharti la kwanza.